Kidole cha Espérance

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo nimejaa mvi. Nilikuwa muuguzi kijana katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nimetoka Kongo na cheti changu na kiburi changu, na sifa yangu kambini ilikuwa kushona. Jeraha nililolishona mimi likipona ulilitafuta kovu usilione. Usicheke, vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko hivyo vyako.

Asubuhi hiyo alikuja Espérance, Mrundi aliyekuwa akisuka nywele sokoni. Alikuwa akimenya ndizi, kisu kikamteleza na kumkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, upande wa ndani. Nami nilikuwa nampenda. Nilikuwa nikipita sokoni kila jioni bila haja ya kununua kitu, na sikuwahi kumwambia neno.

Basi nikaona leo ndiyo leo. Nikaosha, nikatia ganzi, nikashona mishono saba midogo, imepangana kama meno ya kitana. Haikunijia hata kidogo kumwambia akunje kidole. Akanishukuru, merci, nami nikatembea kwa maringo wiki nzima.

Baada ya wiki saba kidole kilikuwa bado kimenyooka tu. Nikampeleka Mbarara kwa daktari mmoja mzee wa upasuaji, mwenyeji wa Kakiika. Alilitazama kovu la mishono yangu.

"Umeshona muzuri sana," akasema. "Ulimwambia akunje kidole?"

Nikasema hapana.

"Basi wewe hukupima mutu. Ulipamba tu."

Akatueleza sote wawili kwamba kano, ule ukamba mweupe unaovuta kidole, ilikatika siku ile ile. Ncha yake ilikuwa imejivuta hadi kiganjani na kushikamana huko. Ingeshonwa mapema, kidole kingekunjika. Sasa ilibaki kupandikiza kano nyingine, kwa operesheni mbili, na hakuweza kuahidi kitu. Espérance akakataa.

Tulikaa Kakoba, hapo hapo mjini, tukinywa chai, tukingoja gari la kurudi. Nikamwomba msamaha. Akakitazama kidole chake, akasema polepole:

"Nilijua siku ile ile. Kidole kilikataa. Lakini nilikuona uko na furaha mingi, nikanyamaza."

Mwanangu, heri angenitukana. Kusuka kukawa kwa shida, wateja wakaenda kwa wengine, na mwaka uliofuata akarudi Burundi na mama yake. Nilioa, nina wajukuu, na nyumba yangu ina amani. Lakini nikipita pale alipokuwa akikaa na kitana chake, bado natazama. Namkumbuka sana, sikufichi.

Nilikaa chini ya yule daktari mzee miaka mingi, kwanza kumshikia vyombo, kisha kushona mwenyewe. Alinifundisha kuishika kano kwenye ncha tu, bila kuiminya. Uzi imara upite ndani yake mara nne, fundo lifichwe kati ya ncha mbili, kisha uzi mwembamba uzunguke ukingo ili kano iteleze kwenye ala yake, ule mfereji inamopita. Ukikaza mno inajikunja na kukwama. Baadaye mkono uwekwe kwenye plasta ya kuuegemeza, na mazoezi yaanze siku za mwanzo, taratibu, kidole kikisaidiwa. Nimeshona nyingi, ila ya Espérance sikuishona.

Kwa hiyo mkono uliokatwa ukiletwa mbele yako, weka sindano chini kwanza. Shikilia kiungo cha katikati, mwambie akunje ncha ya kidole. Fanya hivyo kabla ya ganzi, hata jeraha likiwa dogo, hata foleni ikiwa ndefu. Ukimaliza kushona, muulize tena kama kidole kinakunjika, na ungoje jibu lake kabla hujaanza kuisifu kazi yako. Na ukifika Burundi siku moja, ukakutana na mama ambaye kidole chake cha shahada hakikunjiki, mwulize kwa niaba yangu kama kinamuuma. Mungu akujalie mikono mitulivu, na wagonjwa wasiokuonea huruma.