Nilikwepa Boma la Mama Mkwe, Kwamboka Akabeba Lawama

Nimekosa. Naanza hapo hapo kabla sijajitetea, maana kujitetea ndiko kumenifikisha hapa. Mke wangu ameshaniambia nikizungukazunguka kwenye barua hii kama nilivyozunguka siku ile, ataninyang'anya kalamu aandike mwenyewe.

Nimemharibia jina msichana wa watu. Anaitwa Kwamboka, ni fundi wa nguo mjini Nyamira, na hajawahi kunikosea kitu isipokuwa kuniamini.

Ilikuwa hivi. Huku kwetu yalikuja mashindano ambayo hatujawahi kuyaona. Timu ni watu watatu. Mnaendesha baiskeli kutoka Nyamache mpaka Birongo, mnaacha baiskeli hapo, mnakimbia juu ya vilima vya majani chai mpaka upande wa Gesima, halafu mnamalizia kwa kuvuka bwawa na mashua ya mpira. Njia hamwonyeshwi. Asubuhi hiyo mnapewa ramani, mnatafuta vituo wenyewe, na kila kituo kadi yenu inapigwa muhuri. Na lazima mfike wote watatu. Mmoja akikosekana, hamjafika!

Waandalizi walitaka iwe Jumamosi. Wakaambiwa huku wengi ni Wasabato, Jumamosi wako kanisani, mtashangiliwa na ng'ombe peke yao. Ikawa Jumapili.

Mimi ni mwalimu, na kanisani ni kiongozi wa vijana. Nikajifanya kapteni. Hakuna aliyenipigia kura! Nilifungua grupu kwenye simu, nikaweka picha yangu na miwani ya jua, nikawa natuma mawaidha kila asubuhi ati ushindi huanza kichwani. Mazoezi yenyewe nilikwenda mara mbili.

Wa pili alikuwa Ouma, anauza viatu vya mtumba Kisii mjini. Nilimchukua kwa sababu kwao ni ziwani, nikasema bwawa hilo tumeshalimaliza. Kumbe Ouma maji anayaogopa kabisa. "Kapteni," aliniambia wiki moja kabla, "si kila Mjaluo ni samaki. Mimi nimekulia dukani." Nikamwambia aache imani haba.

Wa tatu ni Kwamboka, na kusema ukweli huyo ndiye alikuwa timu. Alikimbia kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alikuwa ametoa kitabu chake cha zamani cha Jiografia, anajikumbusha kusoma ramani, kwa sababu tulisikia kuna kocha atakuja kutafuta watu wa timu ya kaunti. Kocha huyo alisema wenye mbio wamejaa, yeye anatafuta mtu anayejua ramani.

"Mwalimu," Kwamboka aliniambia siku moja, "miaka saba nashona yunifomu za watu. Na mimi nataka kuvaa yangu." Hayo maneno sasa ndiyo yananinyima usingizi.

Twende kwa nguo. Mimi niliona kapteni hawezi kuvaa trakisuti ya shule. Nikanunua kaptula ya baiskeli, ile nyeusi ya kubana, inabana mpaka ukimeza mate inaonekana. Jameni! Na vile nilijipiga picha nayo!

Asubuhi ya mashindano nikakagua begi la timu, nikakuta Kwamboka ameweka leso.

"Hii ya nini? Tunaenda kubeba mtoto?"

"Mwalimu, leso haikosi kazi."

"Uzito ni adui," nikasema, nikaitupa ndani ya gari la kubebea mizigo ya timu. Na suruali yangu nikaitupa humo humo. Gari likaenda kutungoja bwawani.

Baiskeli ilienda vizuri ajabu. Birongo tuliingia wa kwanza! Watu wanapiga vigelegele, mimi nawapungia mkono kama mheshimiwa. Kwamboka alikuwa ameshafungua ramani huku anakimbia.

"Tunapanda hiki kilima, tunashuka upande ule," akasema. "Kituo kiko kando ya pale wanaponunulia majani chai. Wameandika kuna bomba la maji na lango la bluu."

Nikapunguza mwendo. Lango hilo la bluu ni la mama mkwe wangu!

Msomaji ambaye si wa huku, nikueleze. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mbele ya mama mkwe hukai vibaya, huongei ovyo, hata shati unafunga mpaka juu. Sasa mimi niingie kwake na mapaja yakiwa nje hivyo? Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Desemba iliyopita, kwenye ua huo huo, nikiwa nimevaa koti na tai, nilisimama nikawahubiria vijana waache nguo za kubana. Aliyesema amina kubwa kuliko wote ni mama mkwe.

Kusema ningesema tu. "Wenzangu, nina aibu, hapo ni kwa wakwe." Wangecheka, tungetafuta gunia, tungeendelea. Lakini kapteni ataonaje aibu?

"Si huko," nikasema. "Njia ni hii ya bondeni."

"Mwalimu, ramani inasema moja kwa moja."

"Kwamboka! Mimi nimeoa hapa. Hiyo ramani imeoa wapi?"

Ouma akacheka. Kwamboka akaitazama ramani, akanitazama mimi, akaikunja. Alinitii kwa sababu mimi ni mwalimu na nimemzidi umri. Ndiyo heshima yake hiyo, na mimi nikaitumia vibaya.

Hesabu yangu ilikuwa tuzunguke, tutokee nyuma ya pale pa majani chai, nimtume Ouma na kadi mimi nimejificha. Ile sheria ya watu watatu niliijua. Niliisoma kwenye grupu kwa sauti yangu mwenyewe! Lakini aibu ikikushika, akili inaondoka.

Woi, bonde lile! Tope mpaka magotini, upupu, halafu mbwa wawili ambao sijui walikuwa wanalinda nini huko. Ouma akapoteza kiatu, mtu muuza viatu. Kuruka seng'enge, nikasikia kaptula inalia nyuma kraa! Nikapapasa. Mambo yalikuwa wazi.

Tukapanda ndani ya shamba la migomba la mtu, mimi mbele, nimeshika makalio kwa mikono miwili, natafuta njia. Migomba ikaisha, nikajikuta nyuma ya jikoni.

Jiko la mama mkwe!

Sikulitambua kwa sababu mkwe hafiki nyuma ya jikoni. Miaka tisa nimeoa hapo, nimekaribishwa sebuleni tu. Mimi mwenye kujua njia.

Kulikuwa na akina mama wa kanisa kama sita, wanamenya ndizi, na sufuria ya uji ya kuwapa wakimbiaji. Wakapiga yowe. Mmoja akajifunika uso na sinia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Aligeuka akanipa mgongo, akarudisha mkono nyuma bila kunitazama. Mkononi alikuwa na leso iliyopigwa pasi.

"Shika, mkwe wangu," akasema kwa Kikisii, taratibu. "Nimeishika tangu asubuhi. Binti yangu aliniambia vile utakuwa umevaa."

Alijua! Mama wa watu alikuwa amesimama langoni na leso, anitupie nijifunge, nigongewe muhuri, nipite. Timu mbili zilikuwa zimeshapita hapo na kunywa uji.

Kwamboka akatazama lango la bluu. Akatazama leso. Akanitazama mimi.

"Mwalimu. Kwani hapa ni kwa wakwe zako?"

Nikajifanya nafunga fundo.

Tukagongewa muhuri langoni, tukafika bwawani, Ouma akafumba macho akapiga kasia mpaka tukazunguka mahali pamoja kama tunasaga mahindi. Tukamaliza wa tano. Hayo yote ningesamehewa. Kosa langu lenyewe linakuja sasa.

Kocha alikuja na daftari lake. "Nyinyi mlikuwa mbele pale Birongo. Kulitokea nini?"

Nikasema, "Tulikosea ramani."

"Ramani alikuwa nayo nani?"

Kwamboka alikuwa amesimama hapo kando, tope mpaka kiunoni. Nilijua anangoja niseme. Na mimi, nimevaa leso ya mama mkwe, nikafungua kinywa nikasema, "Kwamboka."

Kocha akaandika kitu, akafunga daftari. Kwamboka alienda kwenye gari, akatoa ile leso yake niliyoitupa, akajifuta nayo miguu, akaondoka.

Sasa Nyamira nzima wanamcheka. Mtu anaingia dukani kwake anamuuliza, "Kwamboka, soko liko upande gani?" Mteja mwingine akamwambia apime vizuri, mkono wa shati usije ukaelekea Nyamache. Nasikia ameacha kukimbia. Ouma naye alitoka kwenye grupu akaniachia ujumbe mmoja: "Kapteni, ramani bado haijaoa."

Juzi nilivaa suti, nikaenda kurudisha leso kwa mama mkwe. Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeitia kwenye bahasha. Hakutoka nje. Akatuma shemeji yangu aniambie maneno haya: "Leso nilimpa afunike mapaja. Nimesikia ameitumia kufunika uongo. Autoe kwanza, ndipo aniletee."

Nikarudi nayo. Iko hapa kwenye kiti ninapoandika, na mke wangu amekataa kuigusa.

Ndugu zangu, nawaomba, msiwe kama mimi. Kama unaogopa wakwe, vaa suruali. Usitupe mzigo wa mwenzako kabla hujaujua. Na mwenye ramani akisema moja kwa moja, wewe ukataka kuzunguka kwa sababu ya mapaja yako, mwambie ni mapaja! Aibu yake ni ya dakika moja. Hii yangu inaingia wiki ya sita, na nimemwambukiza asiyekuwa nayo.

Nimesikia kocha bado hajafunga orodha ya timu ya kaunti.

Mhariri, jina langu nakuomba usiliandike. La Kwamboka liandike, kwa herufi kubwa, useme ramani aliisoma sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Najua wakishasoma lake, Gesima yote watajua kapteni alikuwa nani. Mama mkwe pia atasomewa.

Wewe liandike tu.