Kundi Lililoambiwa Liendelee Kama Kawaida

Mwaka jana nilitolewa dukani kwangu Bugembe nikamkalimanie mtathmini mmoja Mbale. Alitumwa kupima kama ule utafiti wa vichujio vya maji, uliofanywa baada ya mafuriko, uliwafaa watu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu, karibu na viwanda. Sikumwambia mtathmini, na shangazi naye akajifanya hanijui, kwa heshima ya mgeni.

Shangazi alikuwa katika kundi lisilopewa kichujio, la kulinganishia tu. Waliambiwa waendelee kunywa maji kama kawaida mpaka watafiti warudi. Watafiti hawakurudi. Kundi, lakini, lilikuwa na mwenyekiti, askari mstaafu, tena na fulana za kijani, na walikuwa wakizikana. Waliopewa vichujio hata salamu hawapeani. Siku hiyo kundi zima lilikuwa limekusanyika hapo kwa shangazi. Mtathmini akafurahi, akaandika.

Ndipo nikaona kichujio juu ya kabati, bado kwenye nailoni. Nilikituma mimi, mjukuu wake alipozidiwa na kuharisha.

"Shangazi, mbona hiki hakijafunguliwa?" Heshima ya mgeni ikaishia hapo.

"Tulitoa neno, mwanangu. Ahadi ni deni."

"Amri bado iko," mwenyekiti akasema. "Sisi iko nangoja."

Mjukuu mwenyewe alilala mkekani, midomo imemkauka. Hasira zikanipanda. Nikamwomba mtathmini awaambie utafiti umekwisha. Akasema ulikwisha zamani, ripoti ipo, ila yeye alitumwa kutathmini. Akitangaza lolote atayaharibu majibu ya tathmini.

Nikawageukia. "Mgeni anasema utafiti umekwisha. Amri imeondolewa."

Mwenyekiti akasimama, akampigia mtathmini saluti. Mtathmini, asijue anaitikia nini, akatikisa kichwa.

"Asante, afande," mwenyekiti akamwambia, kisha akawageukia wenzake. "Kundi, tawanyika."

Walikuwa wanne tu na wote majirani, kwa hiyo hakuna aliyeondoka.

Shangazi akaipasua nailoni kwa meno, akamimina maji. Yalipoanza kudondoka aliuliza utafiti uligundua nini. Mtathmini akachangamka: vichujio vinafaa sana, waliopewa waliugua kidogo kuliko wengine.

"Wengine nani?" shangazi akauliza.

"Nyinyi," nikamjibu. Hilo sikulipunguza wala kuliongeza.

Kikombe cha kwanza alimpa mjukuu. Cha pili akanywa mwenyewe. Mgeni hakukaribishwa maji, na kwa shangazi yangu jambo hilo sijaliona kabla wala baadaye.