Boma Lisilompa Mgeni Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini, mkubwa wangu alinikagua kuanzia viatu hadi kola ya shati, kisha akaniuliza kama najua kunyamaza. Nilikuwa nimefika sokoni Migwani na cheti cha sekondari mfukoni, Kiingereza kimenijaa kinywani, nikidhani mkalimani huajiriwa kwa ajili ya mdomo wake. Mkubwa huyo alikuwa Profesa kutoka Ulaya, aliyekuja Kitui kuandika mila zetu. Alinifundisha kazi pale pale, kando ya gari. Mkalimani husimama nyuma kidogo ya anayeuliza, asije akaziba uso wake. Hutafsiri kwa nafsi ya kwanza: mzee akisema "nimechoka", nami niseme "nimechoka", si "anasema amechoka". Haongezi chumvi, hapunguzi.

"Wewe ni dirisha tu, Mutua," aliniambia. "Watu hawaangalii dirisha."

Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni sikumwamini. Mtu akikulipa ili usionekane, wewe fungua macho zaidi.

Watu wangu nao hawakuniamini. Tulipoingia bomani, walinitazama mimi kabla ya mzungu. Mama mmoja aliniuliza kwa Kikamba, akitabasamu ili Profesa asishtuke, "Leo umeleta huyu achukue nini?" Nilikuwa kijana na nikaumia. Baadaye nililiona kuwa swali la maana kuliko yote niliyotafsiri siku hiyo, na kusema kweli Profesa hakuwahi kulisikia, kwa kuwa halikuelekezwa kwake.

Kutoka Kitui nilihamishiwa Kalamba, upande wa Makueni, chini ya Bwana Mimea. Hivyo ndivyo tulivyomwita. Kazi yake ilikuwa kukusanya sampuli, yaani vijitawi vyenye majani na maua, na kuvikausha kwa kuvibana katikati ya magazeti. Alitaka kujua kila jani lililotibu tumbo, jicho au homa. Akina mama wa Kalamba walimtembeza vichakani asubuhi nzima wakimwonyesha hili na lile, ila kila tulipokaribia mmea fulani mdogo ulioota karibu na mawe, walitazamana na kupita. Nami niliupita. Nililipwa kutafsiri maneno, na macho hayakuwa kwenye mkataba.

"Mbona hawa watu wananificha vitu?" aliniuliza jioni.

"Labda bado hawakujui, bwana."

"Na wewe je, unanificha?"

Nikacheka, naye akacheka, na hakuna aliyefurahi.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Mkuu wa Msafara, daktari wa historia, mama mwenye adabu na subira ya kukaa juani. Alikuwa akifuata njia ya mzungu mmoja wa zamani, mmoja wa wale waliopita kwetu kabla ya reli wakiwa na wapagazi, wakichora ramani. Shuleni tulifundishwa kwamba watu hao waligundua mito yetu. Susu yangu, nyanya yangu mzaa mama, alichota maji maisha yake yote katika mmoja wa mito hiyo, na sikumsikia hata siku moja akisema kwamba ulikuwa umepotea.

Msafara ulitufikisha vilima vya Kilungu, kwenye boma la bibi kizee aliyeitwa Susu Kalekye. Nililijua boma hilo kwa sifa mbaya. Kila mkalimani wa sehemu zile alikuwa na hadithi yake: ukienda na mzungu, hampewi kiti. Maji mtapewa, hata ndizi, lakini mtasimama mpaka magoti yalie. Nami niliwaona ni watu wasio na heshima, maana Mkamba kumwacha mgeni amesimama ni jambo la aibu.

Tulisimama. Susu Kalekye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na viti vingine vitatu vilionekana wazi kupitia mlango wa nyumba. Mkuu wa Msafara akatoa picha kubwa. Ilikuwa picha ya kigoda cha miguu mitatu, kimepambwa kwa nyaya za shaba zilizopigwa ndani ya mti. Wazee wetu walitembea na vigoda vya namna hiyo zamani, na cha mzee hakikaliwi na mtu hivi hivi, hata mwanawe. Hicho kilikuwa katika jumba la makumbusho huko kwao, na chini yake paliandikwa kwamba kilikuwa zawadi kwa yule msafiri kutoka kwa mzee wa boma hili, baba wa babu ya mume wa Susu.

"Muulize kama familia inakumbuka zawadi hiyo," Mkuu aliniambia. Kamera ilikuwa tayari inawaka.

Niliuliza. Susu akaendelea kuitazama picha. Mkuu akauliza kama mzee alijulikana kwa ukarimu. Kisha akauliza kama familia inaona fahari kwamba kigoda kinatazamwa na watu wengi. Katika kazi yetu hiyo huitwa kuzunguka nyumba kutafuta mlango wa nyuma, na nilijua kilichokuwa nyuma ya mlango. Susu angesema mbele ya kamera "ndiyo, tulikitoa", kigoda kingebaki kule milele, na hakuna mjukuu ambaye angeweza kukidai. Niliogopa kwamba angekubali kwa uchovu tu, nami ndiye ningebeba neno hilo kulipeleka ng'ambo.

"Wewe kijana, ni wa wapi?" Susu akaniuliza ghafla, ingawa nilikuwa na mvi tayari.

"Migwani, mwaitu," nilimjibu, kama tunavyomwita mama.

"Basi sikia vizuri, ndio usiharibu. Huyo mzungu alikuja hapa amechoka. Mzee akainuka kwa kigoda chake, akamwambia kaa. Kwa maana utamwachaje mgeni amesimama? Akakaa, akakunywa uji, akakula. Wakati wa kwenda akaweka kitambaa chini, mzee akafikiri ni asante ya uji. Halafu akaambia watu wake wabebe kigoda."

"Na mzee akafanya nini?"

"Alifikiri watakiweka hapo kwa mlango wa boma. Akangoja. Wakateremka kilima na yeye anaangalia tu, amechuchumaa chini kama mtoto. Mama mkwe wangu aliambiwa hivyo na mama mkwe wake, na mimi nikaambiwa hivyo siku niliolewa hapa. Mzungu akija, mpe maji. Kiti, usimpe."

Nilitafsiri yote kwa nafsi ya kwanza. Mkuu wa Msafara aliishusha picha. Aliuliza kama tungeweza kuandika kwamba haijulikani kigoda kilitokaje.

"Inajulikana," alisema Susu. "Aandike kilichukuliwa na mgeni tuliyemkaribisha."

Mkuu akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote mkubwa akaliangalia dirisha.

"Hilo neno 'kilichukuliwa', Mutua, ni lake au ni lako?"

"Ni lake, daktari. Langu lingekuwa kali kuliko hilo."

Haikuchukua muda nikastaafu. Ninyi mnaotaka kazi hii sasa, mkiwa na simu zinazotafsiri zenyewe, mtaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kumchunguza mgeni zaidi anavyoinuka kuliko anavyoingia. Wengi walikuwa watu wema, na hata hivyo sikuacha kuwatazama mikono. Sijutii hata kidogo.

Mwaka uliopita binti yangu alinionyesha kwenye simu kigoda kile, bado kule kule ndani ya kioo. Neno "zawadi" limefutwa. Sasa pameandikwa "kilipatikana Kilungu", kama kitu kilichookotwa njiani. Nilikasirika hata chai ikanishinda. Kesho yake nikapanda Kilungu peke yangu kumpa Susu habari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo wamekubali si zawadi," alisema.

"Wamekubali nusu, mwaitu."

"Hiyo nusu ingine wajukuu watafuata."

Kisha akaingia ndani na kunitolea kiti cha plastiki. Niliketi, nikanywa uji wake, tukaongea habari za mvua na maembe. Muda wote huo mkono wake haukutoka kwenye mgongo wa kile kiti. Nilipoaga, nilikibeba mwenyewe, nikakiingiza ndani na kukiweka pale pale alipokitoa. Nilipogeuka nilimkuta mlangoni, alikuwa akinitazama.

"Sasa hata kesho unaweza kuja," akaniambia.