Nyama, Si Mboga

Kobe yule tuliachiwa na bibi mmoja wa Kizungu ambaye mama yangu alimshonea nguo pale Kolwezi. Siku walipofungasha mizigo kurudi kwao, alimleta ndani ya beseni la kufulia, akamweka mlangoni petu na kuondoka akipenga kamasi. Kobe alikuwa na jina la mtakatifu wa Kifaransa. Ulipofika wakati wa sisi Wazaire wote kuamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo, baba alitangaza mezani kwamba raia huyu naye hana ruhusa ya pekee. Tulibishana juu ya jina jipya mpaka tukachoka, akabaki hana jina kabisa.

Baba alimpenda kuliko alivyotaka kukiri. Kila asubuhi kabla ya kwenda mgodini alimtupia matembele, huku akimsimulia visa vya msimamizi wake ambavyo mama hakuwahi kuambiwa. Baba alipofariki, kobe aliendelea kuja mlangoni asubuhi na kungoja. Mama, ambaye zamani alimwita jiwe lenye miguu, ndiye sasa aliyemkatia majani. Sikuthubutu kumtania.

Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, na mjane hakai humo milele. Tulikuwa tunahamia chumba kimoja nyumbani kwa mjomba, mahali pasipo na bustani, penye mbwa wawili waliotafuna hata viatu. Kobe hangemaliza wiki pale. Jirani mmoja alishauri tumtupe mto Lualaba, arudi kwao.

"Kwabo wapi?" mama alimjia juu. "Huyu ni wa inchi kavu. Ukimutia mu mayi, atakufa!"

Jirani mwingine alijitolea kumchukua, ila alimpimapima uzito mkononi huku akiongea, na mama akamnyang'anya. Ndipo alipomkumbuka rafiki yake wa zamani wa kwaya, aliyeolewa Kasaji na aliyekuwa na bustani iliyozungushiwa matete. Alimtumia ujumbe kwa mfanyakazi mmoja wa reli: "Umuambie niko namuletea nyama, achunge muzuri."

Kwetu neno nyama ni la mnyama anayetembea na ni la kile kilicho sufuriani. Mama alikuwa na maana ya kwanza. Ujumbe ulifika Kasaji ukiwa na maana ya pili.

Tuliposhuka kwenye treni, tulikuta rafiki yake amevaa kitenge kipya, na nyumbani kwake wamejaa wageni wa kanisani. Bukari, ugali wetu, ilikuwa imeshasongwa. Juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, maji yalikuwa yanachemka. Mimi nilielewa papo hapo. Mama hakuelewa. Alifunua kikapu kwa fahari, kobe akatoa kichwa.

Rafiki yake aliinama, akaguna.

"Mama, eko kadogo, na batu beko mingi. Tutamupasula na nini, nyundo?"

Mama alikumbatia kikapu kifuani kama mtu anayeibiwa.

"Mutu asimuguse! Mi nilisema nyama, sikusema mboga!"

Kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na bukari, hata kama ni mbuzi mzima. Wageni walitazamana. Mmoja alicheka, na kicheko hicho kilimchoma mwenyeji.

"Niliita batu juu yako," alimwambia mama. "Sasa batakula nini? Habari?"

"Unisamehe. Kesho nitarudia naye." Kisha mama akasema jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Bwana yangu alikuwa anaongea naye kila asubui. Kama banamukula, ile maneno yote imeisha."

Rafiki yake alisimama kidogo akiyatazama yale maji, kisha akaepua sufuria na kuingia ndani. Alirudi na sombe ya jana, majani ya muhogo matupu bila hata samaki, akaipasha moto.

"Nyama ni mugeni," aliwaambia watu wake. "Mugeni habamukulake. Mukule sombe."

Wakala, wengine wamenuna. Mimi nilikula sana kwa aibu.

Kesho yake rafiki yake alikataa turudi na kobe, na wanawake wale wawili walizunguka bustani wakiziba kwa mawe kila tundu la ua. Walizika sahani ya maji ardhini, kina chake kidogo tu, na mama akaonyesha majani ambayo kobe anayapenda na yale anayoyatema. Rafiki yake aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Tulipoondoka, kobe alikuwa amejichimbia kivulini na hakututazama. Nilimkasirikia.

Ndani ya treni mama aliketi na kikapu kitupu mapajani. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu alimuuliza alifuata nini Kasaji.

"Nilienda kuacha mutu," mama alijibu.

Mwanamke yule alidhani tunatoka kuzika. Alivua kilemba chake, akamshika mama mikono yote miwili na kusema, "Pole sana, mama." Niliona mama anafungua mdomo kumsahihisha. Hakumsahihisha. Aliipokea pole ile yote, akaanza kulia waziwazi mbele ya abiria.