Spika ya Jikoni Ilichelewa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Wantu, kwa sababu ya yale maneno ya mafundi wa sauti, "wan, tu, wan, tu," ambayo alikuwa ameyasema kwenye mike za watu tangu ujana wake mpaka mvi zikaanza kumchungulia. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika alimwita baba watoto, na Wantu alijua hapo pana neno.

Kazi yake ilikuwa kufunga spika kwenye kumbi, na kama kuna kitu alichokichukia duniani, ni spika kusema moja baada ya nyingine. Wewe na mimi tukisikia maneno yanajirudia ukumbini tunakunja uso kidogo, kisha tunaendelea na soda zetu. Yeye alikuwa haketi. Hata akiwa mgeni mwalikwa, suti mwilini na kadi mfukoni, angemfuata fundi wa watu na kumnong'oneza kwamba spika ya nyuma inachelewa. Mafundi wenzake walimwona mjuaji. Na kweli alikuwa mjuaji, tusimpambe.

Spika za waya zilimtii maisha yake yote. Zilipokuja hizi zisizo na waya ndipo alipopata wa kugombana naye. Spika ya namna hii huipokea sauti hewani, ikaiweka tumboni kidogo ili isikatike-katike, ndipo ikaitoa. Sasa kila kampuni ina tumbo lake. Ukichanganya za aina mbili ndani ya nyumba moja, moja itasema na ya pili itafuata, kama mtoto anayerudia baada ya mwalimu. Inayochelewa huwezi kuiharakisha. Unachoweza ni kuzichelewesha zile za mbele, zimsubiri mwenzao, mpaka zote zifungue mdomo pamoja.

Kazi hiyo inataka mtu wa kuongea kwenye mike wakati fundi anazunguka ukumbi akisikiliza. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa dada yake mdogo, wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Wengine ukiwapa mike wanasema haloo, haloo, wanakauka. Kitinda angeongea mpaka betri iombe msamaha. Angesimulia viatu vilivyombana, angemteta jirani na kuku wake, angemsema kaka yake kwamba tangu asubuhi hajamnunulia hata andazi. Kisha katikati ya porojo angeuliza, "Kaka, ziko sawa sasa?" Wantu, huko nyuma ya viti, alikuwa akinyanyua mkono kama ziko sawa. Zikiwa bado alitikisa kichwa, na Kitinda aliendelea na kuku wa jirani.

Majaribio hayo Wantu aliyarekodi ili ayasikilize tena nyumbani kwa utulivu. Hakuyafuta, si kwa sababu yoyote, ni uvivu tu wa kufuta.

Kisha Kitinda akafa. Alishikwa na homa, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe huku akilalamika kwamba foleni itakuwa ndefu, na hakurudi. Mama yao alimzika, akalia. Baada ya hapo kumbukumbu ya mama ikaanza kuchakaa. Alisahau sufuria jikoni, akasahau majina ya wajukuu waliokuwa shule ya bweni, na mwishowe akasahau kwamba Kitinda amekufa.

"Kitinda hajarudi?" aliuliza kila asubuhi.

Mwanzoni walimwambia ukweli, na kila walipomwambia alilia kama ndiyo kwanza anapokea habari. Mke wa Wantu ndiye aliyekataa. "Tunamzika wifi yangu kila siku," alisema. "Mimi siwezi tena." Wakaanza kusema yuko kazini. Lakini mtu akiwa kazini husubiriwa, na mama alikuwa akitoka kwenda kumsubiri barabarani. Mara mbili alirudishwa na wapita njia, kitenge kimevurugika, hajui alikotoka.

Hapo ndipo Wantu alipokumbuka zile rekodi. Aliweka spika moja sebuleni, akabonyeza simu, na Kitinda akaanza kulalamikia viatu. Mama alitulia. Alisikiliza, akacheka, akamaliza sahani yake ya chakula yote.

"Huyu mtoto mdomo wake hauchoki?" alisema.

"Hauchoki, mama," Wantu alijibu, akatoka nje kujifuta macho.

Shida ilikuwa moja tu: mama akiingia chumbani hasikii, na akiacha kusikia anaanza upya kuuliza. Kwa hiyo Wantu aliongeza spika chumbani kwa mama na nyingine kwenye korido, za aina ileile. Ya nne, ya jikoni, ilikuwa ya zamani, ya kampuni nyingine. Ikachelewa, kama kawaida yao. Aliisikia, akasaga meno, lakini alikuwa anasubiriwa ukumbini. Akajiambia ataitengeneza akirudi.

Aliporudi alimkuta mama anatembea. Akiwa sebuleni alimsikia Kitinda sebuleni, halafu, mara tu baadaye, akamsikia jikoni. Basi alikwenda jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu, na sauti ikatangulia tena huko alikotoka. Akageuka.

"Kapita huku sasa hivi," alimwambia Wantu kwenye korido, anahema na uso unang'aa. "We Kitinda! Siku hizi hata abee hasemi. Ameharibika huyu mtoto."

Hakuwa ameng'aa hivyo tangu msiba, ndiyo maana waliiacha spika ilivyo. Walijidanganya kwamba ni mazoezi ya miguu. Miguu ilivimba wakamkanda kwa maji ya moto, na kesho yake akaanza tena, sebuleni, korido, jikoni, sebuleni. Siku ya tatu alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni akaanguka kwa ubavu.

Muuguzi aliyemtazama hakuwazungusha. "Safari hii mmeponea chupuchupu," alisema. "Akianguka tena nyonga itavunjika. Kwa umri wake, nyonga ikivunjika hasimami tena."

Wantu alirudi nyumbani amepata nguvu, Mungu amsamehe. Ugonjwa wa mama hakuuweza, kifo cha Kitinda hakukiweza, lakini spika kuchelewa? Hiyo ilikuwa kazi yake. Sauti ikitoka kila mahali kwa pamoja, mama hatakuwa na wa kumfuata. Atakuwa na Kitinda popote alipo, na ataketi.

Mkewe alimpeleka mama barazani kuota jua. Wantu alisimama kwenye mlango wa jikoni, sikio moja ndani na moja kwenye korido, akapiga mlio mfupi kutoka kwenye simu. Tak-tak. Akazirudisha nyuma zile tatu kidogo. Tak-tak, karibu zaidi. Akaongeza, akazidisha, akapunguza. Jasho lilimtoka kwenye pua. Alirudia mpaka nyumba nzima ikasema tak, mara moja, safi. Kisha akamweka Kitinda.

Alikuwa amefunga kumbi kubwa maishani, lakini hakuwahi kufunga sauti ikakaa namna ile. Haikuwa na ukingo wala mkia. Ungetoka chumbani hadi jikoni bila kujua spika ipo wapi. "Kaka, ziko sawa sasa?" Kitinda aliuliza, na Wantu akajikuta amenyanyua mkono, peke yake pale mlangoni.

Mama aliingizwa ndani. Alisimama katikati ya korido akageuza kichwa huku, akageuza huku. Hakwenda popote. Wantu alimsogezea kiti, na mama akakikalia bila ubishi. Mkewe alimtazama Wantu kwa jicho la kumpongeza.

"Yuko jikoni," mama alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Na sebuleni yuko. Na chumbani kwangu." Alisikiliza tena. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. "Mtu hawezi kuwa kote huko, mwanangu. Amekufa, siyo?"

Wantu alitafuta uongo, na uongo ulikuwa mwingi, walikuwa wameshauzoea. Hakuna uliokuja.

"Ndiyo, mama."

"Nilimzika?"

"Ulimzika."

"Nililia?"

"Ulilia sana."

"Mbona sikumbuki," mama alisema, akaanza kulia. Alilia vilevile kama siku ile, kwa sauti ileile ambayo Wantu alidhani haitasikika tena ndani ya nyumba hiyo, na juu yake Kitinda aliendelea kusimulia kuku wa jirani kutoka kila pembe, kwa wakati mmoja, bila kasoro, mpaka Wantu alipoiona simu na kuizima.

Kesho yake mama alikuwa amesahau. Aliuliza kama Kitinda amerudi. Wantu akabonyeza, akiomba kimoyomoyo kwamba jana ilikuwa bahati mbaya. Mama alisimama kwenye korido, akageuza kichwa huku na huku, akatafuta kiti. Kabla hajafika kwenye kiti alikuwa ameshajua.

Wakajaribu kuzima kabisa. Mama alipiga kelele mlangoni atolewe nje, mtoto hajarudi, mtoto hajarudi, akaugonga mlango kwa viganja mpaka vikawa vyekundu.

Wakajaribu kubakiza ya chumbani kwake tu. Alikaa kando yake kwa muda, halafu akaanza kupapasa nyuma ya kabati akimtafuta Kitinda.

"Tafuta namna," mkewe alisema. Alikuwa ameshika viganja vya mama kwenye beseni la maji. "Wewe si ndiye fundi?"

"Hakuna namna."

"Lazima iwepo. Baba watoto, tafuta namna."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi. Yeye aliyekuwa akisumbua mafundi wa watu kwenye sherehe za watu hakujua afanye nini na spika nne ndani ya nyumba yake. Zikiwa sawa, mama anafiwa. Zikiwa mbovu, mama anatembea, na kuna siku ataanguka. Zikinyamaza, anatoka. Alizipanga tena na tena kichwani, na kila upande ulimrudisha palepale. Alihisi kutaka kumpigia Kitinda simu amuulize, kwa mazoea tu, maana kila alipokwama kwenye ukumbi ndiye aliyekuwa akimcheka kwanza.

Asubuhi iliyofuata alimsikia mama akivuta ndala zake kwenye korido. Wantu alifungua simu. Akaziondolea zile tatu subira yote aliyoziwekea, moja baada ya nyingine, mpaka ya jikoni ikabaki nyuma tena kama ilivyokuwa. Maisha yake yote hakuwahi kuharibu sauti kwa makusudi. Kidole kilikuwa kizito.

Kitinda akaanza na viatu vyake sebuleni. Mara tu baadaye akaanza na viatu vyake jikoni. Mama alisimama, uso ukafunguka.

"Yuko jikoni!"

"Nimemsikia, mama. Twende."

Alimpitia nyuma na kumshika, wakaanza kutembea, yeye akiwa ameinama, hatua zake fupi kama za mama. Leo angeweza. Kesho alikuwa na ukumbi, na mkewe mgongo ulikuwa unamuuma, na keshokutwa wangeona. Walivuka kizingiti. Jikoni hapakuwa na mtu. Mama hakukata tamaa, aligeuka, na Wantu akageuka naye.

"Kaka," Kitinda aliita kutoka sebuleni, "ziko sawa sasa?" Na nyuma yao, kutoka jikoni, akauliza tena, "Kaka, ziko sawa sasa?"

Zamani angetikisa kichwa au angenyanyua mkono. Sasa mikono yote miwili ilikuwa chini ya makwapa ya mama yake, na mama alikuwa anamvuta kuelekea sebuleni.