Wimbo Alioukataa Bi Arafa

Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani alikufa Bi Arafa wa Shella, hapa Malindi. Wengine walipoteza mama, wengine jirani. Mimi nilipoteza mtu pekee aliyeweza kunipa radhi niliyokuwa nikiihitaji, na nilikuwa nimepewa miaka thelathini na kitu ya kumwomba.

Mimi ni fundi wa cherehani. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na kalamu huishika ninapoandika jina la mtu kwenye mashine yake nisije nikaichanganya na ya mwingine. Sikuwa na nia ya kuandika haya. Lakini siku ya pili ya msiba ulirudi nyumbani, mwanangu, kutoka tamasha la Kilifi, umenuna. Ulisema mwimbaji wenu aliimba nyimbo zote isipokuwa ule mmoja mliouendea. Mkamwitisha, akatikisa kichwa. Mkamzomea, na wenzako wakamrushia chupa za maji.

"Wimbo si wake tena, baba," uliniambia. "Ni wetu sisi."

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka udongo wa kaburi. Jibu langu ni hili, na nakuomba ulisome mpaka mwisho, hata kama mzee wako ana maneno mengi.

Nakumbuka alasiri moja ya harusi, Mambrui. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikipiga kinanda katika kikundi kidogo cha taarabu cha hapa mtaani. Mzee Omari alipiga fidla, wengine wawili ngoma, na sauti ilikuwa ya Bi Arafa. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kumfanya mpishi aache chungu kiungue. Na wimbo uliompa jina ulikuwa mmoja, watu wakiuita "Kata". Si kata ya kukata, ni kile kifuu chenye mpini cha kutekea maji mtungini. Ulianza hivi:

Nilikuazima kata, kanywea mtungi wangu,
Kiu ulipoipata, hukuwaza kiu yangu.

Kila mwanamke wa pwani hii alijua maana yake. Jirani kaja kuazima chombo, kaondoka na mume. Hakutajwa mtu, maana fumbo halitaji jina. Lakini fumbo hurushwa likiwa na anwani, na Shella nzima ilijua nyumba ya kulipeleka.

Maneno yalikuwa ya Bi Arafa. Ule mlio wa kuanzia, kabla sauti haijaingia, niliutunga mimi. Nilikuwa nikipita njiani vijana wananipigia mluzi wake, nami navimba kama mahamri kwenye mafuta. Hilo ulijue mapema, kwa sababu ndilo lililonifanya nitende nilichotenda. Sikutenda kwa kuwapenda watu. Nilijipenda mimi.

Yapata mwaka mmoja kabla ya harusi hiyo, Bi Arafa alituambia, "Kata siiimbi tena. Msiniulize." Hatukumwuliza, ila tulinung'unika. Kila shughuli watu waliidai, na kila shughuli aliwageuzia maneno wakacheka, akaimba wimbo mwingine. Mimi nilikaa na kinanda changu kama mtu aliyefungiwa chakula kabatini.

Basi Mambrui. Uwani palijaa wanawake, turubali limetandwa, bibi harusi amekaa kitini. Sisi wanaume wa ala tulikuwa nyuma ya pazia, kama ilivyo ada, na Bi Arafa mbele yake pamoja na wanawake. Kwa hiyo hatukuziona nyuso za watu, wala yeye hakuziona zetu. Nilikuwa na tundu moja tu la kuchungulia, mahali pazia lilipopasuka.

Alipomaliza wimbo wa tatu, makelele yakaanza.

"Kata! Kata! Tumekuja na kiu sisi!"

"Leo hakuna kata," akajibu Bi Arafa. "Nyweni kwa viganja."

Wakacheka. Mmoja mwenye sauti nene akasema, "Mwongo huyo, koo limeota kutu!"

"Limeota kutu, somo, ndiyo maana silitekei maji ya watu."

Wakacheka tena, na mambo yangeishia hapo. Alikuwa ameshawashinda. Lakini mimi nyuma ya pazia niliona alasiri nyingine inanipita bila mlio wangu kusikika, na nikanyoosha mkono. Vidole viwili tu, mwanangu. Nikagonga ule mwanzo.

Ungesikia vigelegele. Uwanja mzima ulisimama. Vijana wawili wa ngoma wakanifuata, maana walidhani amekubali. Fidla haikuingia. Nikadhani uzi umekatika. Kutazama pembeni, Mzee Omari ameuweka upinde wake chini, mikono juu ya magoti, ananikazia macho.

Nikachungulia. Bi Arafa alikuwa amesimama mdomo umefumbwa, nami nikazungusha mwanzo mara ya pili, na ya tatu. Hapo mama wa bibi harusi akainuka na leso mpya, akaja akicheza, akamfunga kiunoni. Ile ni heshima kubwa ya mwimbaji. Ukishafungwa leso na mwenye shughuli mbele ya ndugu zake wote, ukikaa kimya umemvua nguo mama wa watu siku ya furaha yake. Hakuna mwimbaji wa pwani anayefanya hivyo. Akaimba. Aliimba beti zote, kwa sauti ile ile nzuri, na mimi nilikuwa na furaha kuliko bwana harusi.

Ulipokwisha akafungua leso, akaikunja, akairudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili. Hakuimba tena alasiri ile. Alisema kichwa kinamwuma.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, Mzee Omari akaniita kando ya ukuta wa msikiti. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata salamu alikuwa akiipima.

"Athmani, unajua ulichokivunja?"

"Sijavunja kitu, mzee. Watu wamefurahi."

"Umemvunjia mtu radhi yake kwa vidole viwili."

Ndipo akanieleza. Yule jirani wa kwenye fumbo alikuwa Bi Kombo, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Arafa. Baada ya wimbo kuenea, watoto walimwimbia akienda sokoni. Wanawake walimficha waume zao kwa mzaha, halafu mzaha ukaisha ukabaki moyo mzito. Mumewe alimtaliki. Watu wakasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanangu, si kila methali ni ya kweli kila siku. Hiyo siku hiyo ilikuwa ya uongo. Mume wa Bi Arafa alikuwa ameoa mke wa pili kwa siri, kule Kilifi, na jambo lilipofichuka Bi Kombo hakuwamo hata kidogo. Alikuwa akija kuazima vyombo kwa sababu hakuwa na vyombo.

Bi Arafa alikwenda kumwomba radhi. Mzee Omari ndiye aliyempeleka, kwa kuwa alihusiana na Bi Kombo kwa upande wa mama. Bi Kombo alikuwa mgonjwa tayari, kalala kitandani. Akasema, "Radhi nakupa. Ila wimbo ule usiimbe tena mbele za watu, nikiwa hai wala nikiwa mfu." Wakashikana mikono juu ya hilo.

"Kwa nini hakutuambia?" nikauliza.

"Akuambieni vipi? Akitoa sababu, amemtaja. Alibeba aibu ya kukataa ili yule mwenzake apumzike." Mzee Omari akafuta jasho shingoni. "Na yule mwanamke kijana aliyekuwa akigawa sharubati mle uwani ni Zena, binti ya Bi Kombo. Ameolewa hapa hapa Mambrui."

Sikumwona, nilikuwa nyuma ya pazia. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimeuzima mwanga kwa mkono wangu mwenyewe.

Zena alimfuata Bi Arafa kabla hatujaondoka. Aliongea naye kwa adabu, bila kelele, nami nilisikia. "Mama atalisikia kutoka kwangu, mamaangu. Afadhali kuliko kutoka kwa watu." Bi Arafa hakujitetea. Hakusema ni Athmani aliyeanzisha. Angeweza kusema. Nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimebeba kinanda, nikaangalia chini.

Siku zilizofuata Bi Arafa alikwenda kwa Bi Kombo mara tatu. Mara zote aliambiwa amelala. Kabla mwezi haujaandama Bi Kombo akafa, na Bi Arafa akaketi msibani pembeni kabisa, karibu na viatu. Hakuimba tena tangu hapo, si harusini, si jikoni kwake. Kikundi kikafa. Yeye akawa anauza mabuyu na achari barazani kwake, na watoto waliokua baadaye hawakujua kwamba yule bibi wa mabuyu aliwahi kuisimamisha Mambrui nzima.

Nami je? Niliuza kinanda, nikajifunza cherehani. Niliponunua mabuyu nilimtuma mtu. Kila Idi nilijiambia, hii ndiyo siku, maana Idi ndipo watu husameheana na neno zito hupata njia. Kila Idi nilipita uchochoro mwingine. Mara moja tu nilifika. Alikuwa akipepeta mchele, akanisogezea mkeka.

"Karibu, Athmani. Una neno?"

Nilikuwa nalo, mwanangu, lilikuwa hapa kooni. "Hapana, dada. Nimekuja kukujulia hali tu."

Akanitazama kidogo. "Haya. Hali ndiyo hii."

Akaendelea kupepeta. Nadhani alijua, na nadhani alikuwa amenifungulia mlango, mimi ndiye niliyekataa kuingia. Ilikuwa zamani hiyo. Sikurudi tena.

Siku tuliyomzika, kabla ya kumswalia, ndugu yake alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi. Akasema, "Kama marehemu alimkosea yeyote hapa, kwa kujua au kutojua, tunaomba mumsamehe." Wote tukajibu, "Tumemsamehe." Nami nilijibu na wenzangu, tena kwa sauti. Nikajisikia nikisema nimemsamehe Bi Arafa. Hakuna anayesimama kuuliza upande wa pili, ni nani aliyemkosea maiti huyu. Swali hilo haliulizwi kwa sababu halina wa kulijibu.

Baada ya hitima nilimwendea bintiye, Batuli, nikamweleza yote niliyokueleza wewe. Alikuwa akikusanya sinia. Alinisikiliza amesimama.

"Ami," akasema, "radhi ya mama si yangu kuitoa. Ningekuwa nayo ningekupa." Halafu akauliza, "Na kwa Bi Kombo ulikwenda?"

Sikwenda. Miaka yote ile nililia juu ya mmoja, wa pili hakunipitia moyoni.

"Binti yake yu hai," akasema Batuli, akachukua sinia zake, akaingia ndani.

Basi, mwanangu, yashike haya. Mwenye wimbo akikwambia hauimbi, mwache. Usimzomee, usimrushie kitu, usimwanzishie mlio wake ili aone haya. Hujui alimshika nani mkono. Unachokiona kiburi huenda ni ahadi, na ahadi nyingine haziwezi kuelezwa bila kuvunjwa. Kupenda kitu hakukufanyi mwenyewe wa kitu hicho. Na ukimkosea mtu, usisubiri Idi. Mwendee kesho, mwendee na kigugumizi chako, mwendee hata kama atakufukuza. Radhi huombwa mtu anayepumua. Ukichelewa, utabaki kuiomba kwa watu ambao si yao.

Mungu akupe masikio ya kusikia hapana ya mwenzako, na akupe miguu myepesi ya kwenda kuomba msamaha. Akuepushe na uzee kama wangu. Amina.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mambrui. Nilimkuta Zena barazani na miwani yake, akichambua kunde, mtu mzima sasa mwenye wajukuu. Nikamwamkia, nikajitaja jina, nikasema mimi ndiye niliyeanzisha ule mlio alasiri ile, si Bi Arafa. Alichambua kunde muda mrefu. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

"Nimesikia," akasema. "Nenda salama."

Nikasimama, nikaenda.