Swali la Shangazi Redio

Shangazi yetu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimiki. Mpelekee suruali apunguze, utarudi nayo pamoja na habari za ndoa tatu. Jambo moja tu hajawahi kuligusa: mwaka ule wa mauaji ya kimbari, alipobaki hai peke yake nyumbani kwao. Kwa hiyo chuo kilipomwalika azungumze kwenye kongamano kuhusu mauaji hayo, naye akakubali, sote tulipigwa na butwaa. Alijishonea gauni jipya, akalifumua, akalishona tena.

Walimweka mwisho, baada ya wataalamu. Na wataalamu, jamani, wana mdomo! Wa historia alianzia enzi za mababu. Wa saikolojia akasema mambo yote yamo kichwani. Wa sheria akagoma kuendelea mpaka tukubaliane maana ya neno "kimbari". Wa uchumi akaleta bei ya mashamba. Wa lugha alitaka kujua nani alianza kuwaita wenzake wadudu. Wakafikia kunyang'anyana zamu kama watoto wenye baiskeli moja.

Mimi nilimpakatia shangazi mkoba wake, roho juu. Mlinzi alishaanza kuchezea funguo. Ukumbi ukifungwa, shangazi angerudi na maneno yake tumboni, na asingekubali tena.

Nikamkonyeza kaka yangu, fundi mitambo wa ukumbi. Mara wa uchumi akakatika sauti. Wa sheria naye, kimya. Wa historia akakipuliza kipaza sauti chake, akakitikisa kama chupa ya dawa. Nilicheka hadi nikajificha nyuma ya mkoba.

"Samahani, ni hitilafu," kaka alisema, uso mkavu. "Kimebaki hiki tu." Akampa shangazi.

Shangazi akasimama, akanyoosha gauni.

"Jumatatu jirani yangu aliniletea binti yake nimpime gauni. Tulicheka sana siku hiyo. Alhamisi jirani huyohuyo akaja na watu, akawaonyesha chumba walimojificha wadogo zangu."

Akakisogeza kipaza karibu na mdomo.

"Najiuliza mpaka leo: kwa nini yule? Ndiyo maana nimekuja." Akawageukia wataalamu. "Endeleeni, waheshimiwa. Nimewasikia nusu nusu." Kisha akamtazama kaka. "Na wewe, washa vyote. Unadhani sijakuona?"

Kaka akawasha. Mlinzi akarudisha funguo mfukoni. Wa historia akaanza upya, safari hii polepole, na Redio akakaa, akafunga mdomo, akasikiliza.